Paja Nililouachia Umeme

Kila aliyekuja kunipa pole aliulizia goti. Goti linaendeleaje, goti bado linauma, goti walilishona nyuzi ngapi. Paja hakuna aliyelijali, na mimi mwenyewe sikulijali mpaka siku walipofungua bandeji hospitalini nikaliona, nikataka kuliuliza wewe ni wa nani. La kushoto lilikuwa lile langu la siku zote, paja la mwanamke wa miaka arobaini na minane aliyelelewa kwa ugali wa uwele. La kulia lilikuwa limenywea. Ngozi ilining'inia kama soksi iliyoisha mpira, na nilipoliminya vidole vilizama bila kukutana na kitu. Nikasonya, nikamwambia muuguzi afunge tu bandeji yake.

Nilivyoumia ni aibu kusimulia, lakini nitasimulia. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Siku nzima natoa majalada na kuyarudisha. Kila mwaka maofisi hushindana michezo, na mkuu wetu wa idara, mtu ambaye hajawahi kukimbia hata mvua ikimkuta barabarani, aliamua kwamba safari hii kombe la netiboli lazima liwe letu. Akatukusanya kina mama wa masjala na wa uhasibu, akatuvisha fulana zinazobana matumbo, akasimama pembeni na filimbi. Nilidaka mpira juu, nikatua na mguu mmoja. Mwili uligeukia huku, goti likabaki kule. Kuna kitu kilikatika ndani, nikakisikia kwa masikio yangu. Nipo chini nimeshika goti, bwana mkubwa akainama na kuniuliza kama ningeweza kumalizia dakika zilizobaki, maana hatukuwa na mchezaji wa akiba. Swali hilo nililikumbuka mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Kano ya ndani ya goti ilikuwa imekatika kabisa. Wakachukua kano nyingine nyuma ya paja langu mwenyewe, wakaivuta mpaka gotini ishike nafasi ya ile iliyokufa. Daktari alinieleza kwa kuchora kwenye karatasi, akachora vibaya hata nikadhani ananionyesha njia ya kwenda Singida.

Hayo yote ningeyameza. Kilichoninyima usingizi kilikuwa ngoma.

Kwetu Ugogoni, vijiji vya Chamwino, muheme ni ngoma ya wanawake. Wanaume huimba, huruka, hujiona. Ngoma zenyewe tunapiga sisi. Hatuzitundiki shingoni, wala hatuziweki chini na kuzikalia. Tunasimama, tunakunja magoti kidogo, tunainama, tunaibana ngoma katikati ya mapaja mawili, na mikono yote miwili inabaki huru kupiga. Kinachoshika ngoma ni paja, hakuna kingine. Na katika ukoo wetu, siku msichana anapoagwa kwenda kuolewa, mama yake ndiye hupiga ngoma kubwa, kuanzia binti anapovuka mlango wa nyumba mpaka anapokaa kwenye kiti chake mbele ya watu. Nyimbo ni tatu. Bibi alimpigia mama yangu, mama akanipigia mimi. Nina binti mmoja tu, na sherehe ya kumuaga, ile ambayo watu wa mjini wanaiita sendofu, ilikuwa miezi mitano mbele.

Wakwe wenyewe walikuwa watu wa Moshi. Sina neno na Moshi, lakini hawa walikuwa wale wanaoamini kwamba Mgogo kazi yake ni kunyoosha mkono barabarani. Siku ya posa waliuliza mara mbili kama maji yetu yamechemshwa. Mama mkwe mtarajiwa alilitazama banda letu la mbuzi, akasema, "Mnajitahidi." Nikaapa moyoni kwamba siku ya kumuaga mwanangu yule mama ataisikia ngoma mpaka kwenye meno.

Sasa tazama paja lenyewe.

Wa kwanza kulitazama sana alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Alitoka kijijini na chupa ya uji, akaja mpaka kwangu mjini, mtaa wa Kikuyu, akakaa kwenye mkeka. Yeye ni mtu wa Singida, muheme alijifunzia ukubwani baada ya kuolewa. Kwa miaka kumi na ushee alikuwa akipiga ngoma ndogo pembeni yangu, na alipiga kama anatwanga mahindi: nguvu ipo, utamu hakuna. Akanimiminia uji, akalikodolea macho paja langu, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Wifi, hivi ngoma utaiweza kweli?"

"Kwani umeona wamenikata mikono?"

Akaifunika chupa. Nikaunywa uji wake nikimtazama juu ya kikombe, nikijisemea kwamba huyu ameanza kuipigia hesabu ngoma yangu kabla sijafa. Alipoondoka alisahau chupa, na sikumpigia simu kumkumbusha.

Wiki mbili baada ya upasuaji nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, na nilifika pale kwa magongo, jasho linanitoka, bajaji imeshanitingisha njia nzima. Nikamkuta mwanamume wa makamo, kavaa miwani myeusi, fimbo nyeupe imeegemezwa ukutani. Alikuwa haoni. Alisoma Buigiri kwenye shule ya wasioona, akaenda mbele kusomea tiba ya viungo, na wagonjwa wa korido ile walimsifu kama nini. Mimi nilimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, kwa raha zangu, maana nilijua hanioni nikimtazama. Yaani nimepandishwa ngazi kwa magongo kuja kuangaliwa na mtu asiyeangalia.

"Mbukwa, mama," akanisalimu kwa kikwetu.

"Mbukwa."

"Paja unalitaka kwa kazi gani?"

"La kutembelea. Kwani mapaja yana kazi gani nyingine?"

Akatabasamu kidogo, hakuuliza tena. Ngoma sikumtajia. Sikuona sababu ya kumwaga mambo ya ukoo wangu mbele ya mtu niliyemjua kwa dakika mbili.

Halafu akatoa mashine. Kwa jinsi walivyokuwa wakiizungumzia pale korido, nilitegemea kitu kikubwa. Kikatoka kisanduku cha kijivu chenye vitufe viwili vya kuzungusha, waya mmoja wa kwenda ukutani na nyaya nyingine nyembamba, kila moja imefungiwa kipande cha mpira mweusi mwishoni. Akanikalisha kwenye kiti kirefu, akaufunga mguu kwa mkanda usiweze kunyooka. Akapapasa paja kwa vidole, akapaka mafuta ya baridi kama kamasi, akabandika vile vipande, viwili juu na viwili karibu na goti. Kisha akazungusha kitufe.

Kwanza ni sindano ndogondogo. Baadaye nyama inajikunja yenyewe, inapanda, inakuwa ngumu, na wewe umekaa tu kama mgeni unatazama mguu wako ukifanya mambo. Inakaa hivyo kidogo, inaachia. Unapumzika, inakuja tena.

Akanieleza kwa utaratibu, mkono wake ukiwa kwenye kisanduku. Alisema goti likikatwa na kuvimba, mwili hulizima paja, kama mtu anavyozima taa ya chumba asichokitumia. Paja halijafa, ila amri haifiki. Umeme unakuja kuliamsha. "Lakini mama, mashine inaamsha tu. Haiwezi kukaa badala yako. Ukiisikia inakuja, usiiache peke yake. Kaza nawe, kaza kwa nguvu zako zote mpaka itakapoondoka, ndipo ulegeze."

Nilimsikia vizuri sana, na nilimdharau vizuri sana. Kama nitakaza mwenyewe, mashine ya nini? Na kama mashine ipo, nikaze ya nini? Nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na mbili, najua mtu anayebuni kazi ili aonekane ana kazi. Nikaamua kwamba umeme ni wao, kiti ni chao, paja nawaachia na lenyewe, wanirudishie likishapona.

Basi ndivyo tulivyokwenda. Mara tatu kwa wiki nilifungwa kwenye kile kiti, na umeme ukija, mimi nilikuwa kwenye simu nasoma kundi la kamati ya sherehe, ambako watu wazima walikuwa wakigombana siku nne kuhusu rangi ya vitambaa vya viti. Mtaalamu alikuwa akizunguka na wagonjwa wengine, wazee wa kiharusi wanaojifunza kunyanyua kisigino na kushangilia kisigino kikinyanyuka. Kutoka upande wa pili wa chumba alikuwa akiuliza, "Unakaza, mama?"

"Nakaza."

"Haya."

Nilijifunza hata kuguna. Umeme ukianza kupanda naguna kidogo, ukifika juu naguna zaidi, macho yapo kwenye simu. Wakati mwingine nilimwambia aongeze. Nilikuwa naamini paja likiruka zaidi ndivyo linavyonenepa zaidi, na lilikuwa linaruka kwelikweli, mpaka mzee mmoja wa kiharusi akanipa hongera. Alinipa pia mazoezi ya nyumbani, huyo mtaalamu. Alinituma soko la Majengo nikanunue kipande cha tyubu ya baiskeli, nikifunge mguuni nivutane nacho asubuhi na jioni. Nilikinunua. Nikafungia mlango wa banda la kuku, na kwa kazi hiyo kilikuwa kizuri mno.

Wiki ya tano alikuja akaketi kwenye kigoda pembeni yangu. "Leo nitaweka mkono," akasema, na kiganja chake akakituliza juu ya paja langu, kati ya vile vipande vya mpira. Nikaona ni usumbufu mdogo. Simu nikaiweka mapajani upande wa pili, nikajiandaa kuguna. Umeme ukaja, nyama ikapanda, nikaguna vizuri sana, na pale juu kabisa, katikati ya mguno wangu, feni ikapunguza mwendo na paja likaanguka. Lilianguka lote kwa mara moja. Mkono wake ukabaki palepale.

"Umeme umekatika," akasema.

"Naona. Feni nayo imezima."

"Feni sikuisikia. Nimeambiwa na paja." Akanigeuzia uso. "Mama, ulikuwa unakaza?"

"Si ulinisikia? Nilikuwa nakaza."

"Umeme umekatika mjini. Wa kwenye paja lako haukatwi, maana hukuwekewa na serikali. Mtu anayekaza, umeme ukiondoka anabaki amekaza. Wewe umeondoka nao." Akautoa mkono, akaufuta mafuta kwa kitambaa, bila haraka na bila hasira. "Nguvu ya mashine nimeiona wiki tano. Yako iko wapi?"

Niliwaka. Nikamwambia kama alijua tangu zamani, kwa nini hakusema, mtu mzima unaniacha nahangaika kuja hapa na magongo kama sina akili.

"Nilikuuliza kila siku," akasema. "Ulikuwa unanijibu."

Nikaitia simu kwenye mkoba. Akaniambia, kwa kuwa umeme haupo na hatuna cha kufanya, hebu nikaze mwenyewe, nikandamize goti chini, niuvute mfupa wa goti kwenda juu, mara moja tu. Nikaliambia paja kaza. Halikukaza. Nikaliambia tena, nikauma meno, nikashika kingo za kiti, shingo ikakaza, taya likakaza, hata paja la kushoto lisiloombwa likakaza. La kulia lilikaa pale kimya kama halikuambiwa lenyewe. Ndipo nilipoogopa. Tangu siku ya netiboli nilikuwa nimekasirika tu, sikuwa nimeogopa.

Nikalia. Nililia bila sauti, nikimshukuru Mungu kwamba huyu bwana haoni. Naye akasema, "Karatasi laini zipo kwenye dawati, mkono wako wa kulia."

Basi nikamwambia habari ya ngoma. Nilimwambia yote, nyimbo tatu, mlango, kiti, mama yangu, bibi, mpaka yule mama wa Moshi na maji yake ya kuchemsha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mama yake naye alipiga muheme, akasema, na akiwa mdogo alikuwa akijua ngoma kubwa imeshikwa na nani kwa kusikiliza tu.

"Imebaki muda gani?"

"Miezi mitatu na kitu."

"Ungeniambia siku ile ya kwanza," akasema. "Wiki tano ulizozitupa sina pa kuzitoa, mama. Tutaanza na zilizobaki."

Tukaanza. Sitaki mtu adhani niligeuka malaika. Nilikuwa naudhika kila siku. Umeme ukija, nakaza, na yeye kiganja chake kipo juu anasema, "Hii ni ya mashine. Hii pia ni ya mashine. Haya, hapa kuna yako kidogo." Kidogo. Jasho la mtu mzima, mishipa ya shingo imesimama, eti kidogo. Niliwadharau wale wazee wa visigino, kisha siku moja nikajikuta nimenyanyua mguu ulionyooka kitandani, urefu wa kiganja, bila mashine, na wazee wale wakanipigia makofi. Niliyadharau makofi yao, na nyumbani nikanyanyua tena mara thelathini. Tyubu niliifungua kwenye banda. Kuku wakatapakaa mtaa mzima wa Kikuyu, jirani akaja kulalamika kuhusu mchicha wake, nami nikamjibu nikiwa nimekaa mlangoni mguu umefungwa tyubu, navutana nayo.

Mwezi wa tatu wa matibabu akaniambia nilete ngoma. Nilidhani anatania. Mama aliitoa kwenye kona yake kijijini, akaipaka mafuta, kaka akaipakia kwenye basi, na asubuhi moja nikaingia nayo hospitalini, korido nzima inageuka. Mtaalamu aliipapasa pande zote kwa heshima, akaigonga mara moja kwa kidole. Kwanza tulianza na mto, niubane katikati ya mapaja nikiwa nimesimama huku umeme unakuja. Ngoma ikafuata. Alisimama mbele yangu kaelekeza sikio, ananisikiliza nikipiga polepole. "Imeshuka," alikuwa akisema. Natazama, kweli imeshuka upana wa kidole. "Ikishuka sauti yake inakuwa nzito. Usinidanganye tena, sasa ninao mashahidi wawili, paja na ngoma." Hapo nilicheka, nadhani ndiyo mara ya kwanza kucheka mle ndani.

Wiki ya mwisho akanipima kwa ule utepe wake wenye alama za kupapasa. Paja lilikuwa limerudi, ila halijarudi lote. Lilikuwa bado nyuma ya mwenzake.

"Wimbo mmoja utasimama," akasema. "Wa pili sikuahidi."

"Nyimbo ni tatu."

"Basi tafuta mtu wa kukupokea."

"Kwetu mama wa binti hapokelewi."

"Basi ngoma itaanguka, na goti linaweza kuumia tena."

Nikasonya, mbele yake, sikujificha.

"Sonya," akasema, "lakini tafuta mtu."

Sikutafuta. Ningemtafuta nani? Katika wanawake wote wanaobana ngoma kwetu, aliyekuwa karibu nami ni yule wifi, na yule ndiye ambaye nisingemwomba hata kama ngoma inawaka moto. Nilijiambia paja litaona haya likifika pale. Nilijiambia wimbo wa kwanza ukipita wengine watajivuta wenyewe. Kwa maneno mengine, nilifanya tena kile kile nilichofanya kwenye kile kiti.

Siku ikafika. Turubai jeupe uwanjani kwa kaka, viti vya plastiki vimefungwa vile vitambaa vilivyogombaniwa, mshereheshaji kaja na suti inayong'aa na utani wa redioni. Watu wa Moshi wakakaa safu ya mbele, kila mmoja na chupa yake ya maji aliyokuja nayo. Mama yangu alikaa pembeni kwenye kiti chake cha kamba. Ilikuwa alasiri, jua limeshalegea kidogo. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaitwaa ngoma kubwa, nikaibana. Wifi akasimama kushoto kwangu na ngoma yake ndogo. Sikumtazama.

Mlango ukafunguliwa, nikaanza. Naomba niseme hili bila unyenyekevu: wimbo wa kwanza niliupiga. Binti yangu alivuka kizingiti na macho yameshuka chini, wanaume wakaruka, vumbi likapanda, na ngoma ilikaa pale nilipoiweka. Nilimwona yule mama wa Moshi ameshusha chupa chini ya kiti. Nilijisikia mrefu.

Wimbo wa pili ulipofika katikati, paja likaanza kutetemeka. Mwanzo juu ya goti, kisha lote. Nikakaza. Lilikuwa linakaza na kuachia, kukaza na kuachia, na sikuwa na waya wa kuniongezea kitu. Binti yangu alikuwa nusu ya njia. Nikapiga, nikasikia sauti imekuwa nzito. Imeshuka. Nikapiga tena, nzito zaidi. Binti akanyanyua macho akanitazama, maana naye ni mtoto wa ngoma hizi, alisikia.

Nikageuza shingo kushoto. Wifi alikuwa hatazami watu wala wakwe wala bibi harusi. Alikuwa anatazama paja langu, na inaonekana alikuwa ameanza kulitazama mapema, maana ngoma yake ndogo alikuwa ameshaituliza chini na mikono yake iko wazi.

"Lete, wifi," akasema, kwa ile sauti yake ya chini.

Nikampa. Mkono wangu mmoja ulikuwa bado unapiga wakati anaiingiza kwenye mapaja yake, na wimbo haukukatika. Mtu akanisukumia kiti, nikakaa. Nilitegemea kusikia mahindi yakitwangwa. Alimaliza wimbo wa pili, akaingia wa tatu, na alipouingia nikauma mdomo, maana aliuanza kama mama yangu anavyouanza, na ile mikato miwili midogo ambayo mama hakuwahi kumfundisha mtu isipokuwa mimi.

Mama aliniambia kesho yake, nilipomuuliza. Tangu ile siku ya uji, wifi alikuwa akienda kwake kila alasiri kujifunza. Alikwenda kumwambia kwamba paja langu limekwisha, na kwamba ameniuliza nikamjibu vibaya. Mama ndiye aliyemwambia ajifunze nyimbo mbili za mwisho. "Wa kwanza nilijua utaupiga," mama akaniambia. "Na nilijua hutatafuta mtu." Akaendelea kuchambua karanga zake.

Lakini pale kwenye kiti sikuwa najua chochote kati ya hayo. Nilikuwa nimekaa na mapaja matupu mbele ya watu wa Moshi, na mtu niliyemdharau miaka kumi na ushee alikuwa anampigia mwanangu njia. Nilitafuta dharau nimpige nayo nikaikosa. Ngoma ilipokuja, ilipita kwenye ardhi, ikapanda miguu ya kiti, nikaisikia kwenye paja la kulia. Nikakaza. Ilipoachia, nikalegeza. Ikaja tena, nikakaza kwa nguvu zangu zote, chini ya kanga, bila mtu kuona. Sikuiacha peke yake hata mara moja, mpaka binti yangu alipokaa.